Neno Lipo Kamusini, Lakini Haliitiki
Hotuba kwa walimu wa lugha, wakutubi na vijana wa TEHAMA, mjini Tabora

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wakutubi, nanyi vijana mliofika kutoka Nzega, Urambo, Sikonge na hapa hapa mjini, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumze kuhusu utunzaji wa katalogi za kamusi za kielektroniki kwa kutumia programu za mstari wa amri, yaani zile programu ambazo huziendeshi kwa kubofya picha kwenye kioo, bali unaziandikia agizo katika dirisha tupu la maandishi, unabonyeza kitufe cha kuingiza, kisha unasoma jibu lake. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka saba ya mwisho nimekabidhiwa pia kompyuta kumi na mbili za shule, ambazo nyingi ni za zamani na hazina intaneti ya kutegemea. Kamusi tulizoweka humo husomwa bila bando, na programu zinazozisoma ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta iliyokwisha kukataliwa na ofisi inazimudu bila taabu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifikisha kwenye mstari wa amri. Sababu ya pili, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu leo, niliijua baada ya kukosea.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tumekusanya orodha ya maneno ya Kinyamwezi yanayohusu ufugaji wa nyuki, kazi ambayo wazee wa mkoa huu wanaijua kuliko kitabu chochote, na tukaigeuza kuwa kamusi ndogo yenye fasili za Kiswahili. Ilifanya kazi vizuri. Baada ya miezi michache mzee mmoja alituongezea maneno thelathini hivi. Nikaona kwamba kuitengeneza kamusi upya kutanichosha, nikafungua faharasa yake, yaani orodha ambamo programu hutafuta kila neno lilipo, kwa kihariri cha maandishi, nikayabandika maneno mapya mwishoni kabisa, nikahifadhi. Siku iliyofuata mwanafunzi aliandika moja ya maneno yale, na kompyuta ikamjibu kwamba neno halipo. Nilifungua faili nikaliona kwa macho yangu. Nikamwambia aandike tena. Halikuitika.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa maana ukilielewa kosa hili umeielewa nusu ya kazi nzima. Programu ya kamusi haisomi faharasa kuanzia juu hadi chini, kwa sababu kamusi yenye vidahizo, yaani maneno yanayofasiliwa, elfu arobaini ingemchosha msomaji kwa kumngojesha. Hufanya kama mwalimu anayetafuta jina katika daftari la mahudhurio lililopangwa kialfabeti: hufungua katikati, akaona herufi ya M, akajua kwamba Shija yuko mbele, akauacha upande wa nyuma wote, akagawa tena upande uliobaki, na kwa hatua chache amemfikia. Kwa njia hii vidahizo elfu arobaini humalizwa kwa migawanyo kama kumi na sita tu. Lakini njia hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba daftari limepangwa kweli kweli. Jina la Athumani likiandikwa baada ya Zuhura, mwalimu atafungua sehemu ya A, asilikute, na kwa haki kabisa atatangaza kwamba mtoto huyo si wa darasa hili. Mimi niliyabandika maneno ya wazee mahali ambapo programu haikuwa na sababu ya kwenda kuyatafuta.

Sasa niseme jinsi kazi hii inavyofanywa bila kosa hilo. Mfumo tunaoutumia shuleni unaitwa DICT. Kanuni zake za mawasiliano ziliandikwa na Rik Faith na Bret Martin, na zilitolewa Oktoba 1997 zikiwa hati namba 2229 katika mfululizo wa hati za RFC zinazoelezea kanuni za intaneti. Kompyuta moja huwa seva inayotunza kamusi zote, nyingine huiuliza kupitia mlango namba 2628, na maswali na majibu yote husafiri kwa maandishi ya kawaida. Jina la intaneti lisiwatishe, kwani waya mmoja kati ya kompyuta mbili katika chumba kimoja unatosha.

Kila kamusi katika mfumo huu ina mafaili mawili. La kwanza lina fasili zenyewe, zikifuatana. La pili ni faharasa, na kila mstari wake una mambo matatu: kidahizo, mahali ambapo fasili yake inaanzia katika faili la kwanza, na urefu wa fasili hiyo. Mafaili hayo hatuyaandiki kwa mkono. Tunaandika faili moja la asili, maandishi matupu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyasoma na kuyasahihisha, kisha tunaiamuru programu iitwayo dictfmt iyazalishe yote mawili na kuipanga faharasa inavyotakiwa. Agizo letu linasomeka hivi: dictfmt --utf8 --allchars -c5 -s "Kinyamwezi-Kiswahili: nyuki" nyuki < nyuki.txt. Baada ya hapo programu nyingine, dictzip, hulibana faili la fasili ili lichukue nafasi ndogo kwenye diski, na hulibana kwa vipande, kiasi kwamba fasili moja inaweza kufunguliwa bila kulifungua faili zima.

Kwa hiyo mali yetu ni lile faili la asili. Faharasa na faili lililobanwa ni vya kuzalishwa tu, vikiharibika vifutwe vizalishwe tena, na agizo la kuvizalisha liandikwe katika faili dogo la amri likae pamoja na asili yake. Mwaka huo niliokosea sikuwa nimeliandika popote. Nililikumbuka nusu, nikalikisia nusu, na jioni mbili zikaisha. Mtu atakayepokea kazi yangu nitakapohamishwa hatakuwa na kumbukumbu yangu, lakini akiwa na faili lile dogo ataandika jina la faili hilo tu na kamusi itasimama.

Mmeona katika agizo langu neno --allchars, nami ningeomba walimu wa Kiswahili walitazame kwa makini. Bila neno hilo, programu hutafuta kwa kutazama herufi, tarakimu na nafasi peke yake, na alama nyingine zote inazipuuza. Kwa lugha nyingi hilo halina madhara makubwa. Kwa Kiswahili lina madhara, kwa sababu ritifaa yetu, ile alama iliyo katika ng', ni sehemu ya sauti. Mwanafunzi wa kidato cha pili alitafuta ng'oa, kamusi ikamletea maneno mawili yaliyochanganywa, ng'oa na ngoa, naye akanakili la kwanza aliloliona. Daftari lake likasema kwamba kung'oa mhogo kunahusu hamu na wivu. Hakukosea yeye. Katalogi ndiyo iliyomwambia kwamba maneno hayo ni neno moja.

Ukiweka --allchars, ng'oa na ngoa zinatengana, na hapo linazuka jambo la pili: mwanafunzi anayeandika ngombe bila ritifaa, na wako wengi, sasa haambiwi kitu. Zaidi ya hayo, ritifaa ya kibodi ya kompyuta imenyooka na ile ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe imepinda, na kwa kompyuta, hizo ni alama mbili tofauti zenye namba tofauti. Mtu aliyechapa jina la kata yetu ya Ng'ambo kwenye simu kama hiyo na mwingine aliyelichapa ofisini wameandika maneno mawili. Dictfmt inatupa njia ya kulitatua. Ukitumia agizo la --headword-separator na kuchagua alama ya kutenganisha, unaweza kuandika vidahizo kadhaa vinavyoelekea kwenye fasili moja, kwa mfano ng'ombe;;ng’ombe;;ngombe, na vyote vitatu vitaitika. Kwa ng'oa utaandika maumbo mawili yenye ritifaa na kuliacha lile lisilo nayo, kwa sababu hilo ni neno la watu wengine. Uamuzi wa namna hii haufai kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake. Unahitaji mtu anayeijua lugha aketi karibu naye, neno kwa neno, na ndiyo maana nimefurahi kuwaona wakutubi na walimu katika chumba kimoja na vijana wa TEHAMA.

Njia hiyo hiyo ya vidahizo vingi ndiyo inayotusaidia katika tatizo kubwa zaidi la lugha za Kibantu, kwamba maneno yetu hubadilika mwanzoni. Mtoto anasoma watoto katika kitabu, anatafuta watoto, na kidahizo ni mtoto. Katika Kinyamwezi ni munhu na banhu, na kwa jirani zetu wa Kigoma, wanaosema Kiha, ni umuntu na abantu, ambapo kuna hata irabu inayotangulia kiambishi. Mtu mzima aliyesoma kamusi za karatasi amezoea kuvua kiambishi kichwani mwake kabla ya kufungua ukurasa, lakini mtoto wa darasa la tano hajazoea, na mashine haijui kabisa. Nomino zote tunaziandika kwa umoja na wingi. Vitenzi haviwezekani, kwani umbo kama hatukuwalimia lina ndugu wengi mno, hivyo kwa vitenzi tunaingiza mnyambuliko wa kawaida tu: lima, limia, limika, limisha. Kamusi nyingi za karatasi za Kiswahili huficha mnyambuliko chini ya kitenzi mama, na jambo hilo lina maana kwa jicho linaloteremka ukurasani. Kwa programu inayoangalia faharasa peke yake, neno lililofichwa ndani ya fasili ya neno jingine ni kana kwamba halikuandikwa.

Kuhusu --utf8 nitasema kwa ufupi. Kinyamwezi kina irabu saba, na wanaokiandika kwa uangalifu hutumia herufi kama ʉ na ɨ kwa zile ambazo alfabeti ya Kiswahili haina. Agizo hilo huiambia programu kwamba maandishi yetu yamo katika mfumo wa Unikodi, ambamo herufi hizo zina nafasi zao halali, na bila agizo hilo upangaji wake hauaminiki. Nanyi mtaongeza umbo lisilo na mstari, munhu pamoja na mʉnhʉ, kwa ajili ya wale ambao kibodi yao haina herufi hiyo.

Sasa tupande ngazi moja. Nilivyoeleza mpaka hapa ni faharasa ndani ya kamusi moja. Juu yake ipo katalogi yenyewe, orodha ya kamusi zote ambazo seva inazijua, nayo imo katika faili la maandishi liitwalo dictd.conf. Kila kamusi inapewa jina fupi, njia ya kulifikia faili la fasili, na njia ya kuifikia faharasa. Ukiandika dict -D, seva inakutajia kamusi zote kwa majina mafupi na majina kamili. Jina kamili halitoki kwenye jina la faili. Limeandikwa ndani ya kamusi yenyewe kama kidahizo cha pekee kinachoanza na tarakimu mbili za sifuri, na ndilo lile ulilolitaja baada ya -s ulipoizalisha. Nimeona shule moja yenye kamusi tatu zote zikiitwa "Kamusi", kila moja na faili lake, na hapakuwa na mwalimu aliyejua ipi ni ipi. Sisi tumekubaliana kwamba jina kamili litaje lugha ya kidahizo, lugha ya fasili na mada.

Mpangilio wa kamusi katika faili hilo una uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa seva huzipitia kwa utaratibu ule ule ulioziandika. Anayeuliza kwa alama ya nyota hupata majibu ya kamusi zote kwa mfuatano huo, na anayeuliza kwa alama ya mshangao hupata jibu la kamusi ya kwanza iliyolikuta neno, basi. Tuna orodha iliyotolewa kutoka kamusi ya mmisionari Krapf ya 1882, kazi iliyojengwa hasa juu ya Kiswahili cha Mombasa, miongo kadhaa kabla ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 kuanza kusanifisha tahajia. Ni hazina kwa mtafiti. Ikitangulizwa katika katalogi, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani atapewa tahajia ya karne ya kumi na tisa kabla ya ile anayotakiwa kuiandika. Tuliishusha hadi mwisho. Vilevile seva inaruhusu kuunda kamusi ya jina tu, inayokusanya nyingine chini yake, nasi tumeunda moja iitwayo "shule" yenye kamusi nne, ili mtoto asilazimike kukariri majina.

Ninyi mnaoishi karibu na stesheni yetu mnajua kwamba hapa reli ya kati inagawanyika, njia moja inakwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Behewa lenye mzigo mzuri likiandikwa vibaya katika hati ya treni litafika salama mahali ambapo hakuna anayelingoja. Faili la dictd.conf ndiyo hati hiyo, na kila ukiibadilisha lazima uiambie seva iisome upya, la sivyo itaendelea na ile ya jana.

Kwa wale ambao hawahitaji seva, kompyuta ikiwa moja tu au kamusi zikitakiwa kwenye simu, upo mfumo wa StarDict, na programu yake ya mstari wa amri inaitwa sdcv. Hapa kila kamusi ina pia faili dogo lenye kiishio .ifo, linalotaja jina la kamusi, idadi ya vidahizo na ukubwa wa faharasa kwa baiti. Ukiandika sdcv -l utaona kamusi zilizopo pamoja na idadi ya maneno ya kila moja. Namba hizo ni ahadi kwa programu inayosoma: zikihitilafiana na hali halisi ya faharasa, kamusi inaweza isifunguke au ikakupa majibu yasiyo yake, kwa hiyo nazo zizalishwe na programu, zisiguswe kwa mkono.

Kuna jambo nililojifunza kutoka mbali ambalo limenisadikisha kuliko mengine. Wajapani walikuwa na kamusi za diski tangu miaka ya 1980, na moja ya mifumo yao, EPWING, huweka katalogi katika faili liitwalo CATALOGS lenye vyumba vya ukubwa maalumu: kila kamusi ina nafasi yake ya jina, na jina la folda yake lisizidi herufi nane. Faili hilo limeandikwa kwa ajili ya mashine, na binadamu akilifungua hasomi mengi. Wapenzi wa kamusi wa huko wakatumia programu ndogo ya mstari wa amri, catdump, yenye kazi mbili tu. Inaigeuza katalogi kuwa maandishi ya kawaida, unasahihisha jina au unaongeza kamusi, kisha inayarudisha maandishi hayo kuwa katalogi. Nilipoisoma habari hiyo niliona kwamba mtu wa Tokyo na mtu wa Tabora wana haja moja, nayo ni katalogi ambayo macho ya mtu yanaweza kuikagua.

Na kukagua kwenyewe ndiko ninakokuomba ukufanye kila Ijumaa, ewe mtunzaji. Andika dict -D > orodha-leo.txt, kisha ulinganishe na orodha ya wiki iliyopita kwa agizo la diff. Kama hakuna kilichobadilika, diff hainyanyui sauti. Kama kamusi imetoweka au imebadilishwa jina, itakuonyesha mstari wenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa faharasa, kwa sababu nayo ni maandishi. Mwaka jana diff ilinionyesha kwamba vidahizo vyote vya herufi ya N vimepungua baada ya kijana mmoja mwenye nia njema "kusafisha" ritifaa zote katika faili la asili. Dirisha lenye picha na vitufe lisingeniambia hilo, nami nisingejua hadi mtoto akose neno tena. Nilikuwa na nakala rudufu, na kwa agizo moja tukarudi tulipokuwa.

Neno moja kuhusu haki. Urahisi wa dictfmt usitufanye tuchukue kamusi za BAKITA, za TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au za mchapishaji yeyote na kuzimimina katika seva zetu bila ruhusa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Yako maneno ya kutosha ambayo hayajaandikwa na mtu yeyote, nayo yamo vinywani mwa wazazi wa wanafunzi wetu, na hao pia waombwe idhini na watajwe katika faili la maelezo ya kamusi kama wenyewe wanapenda kutajwa.

Kwenye kompyuta zilizo nyuma ya ukumbi nimeweka faili la nyuki.txt bila faharasa. Wawili wawili, mmoja mwalimu au mkutubi na mmoja kijana wa TEHAMA, mtaizalisha kamusi, mtaiingiza katika katalogi, kisha mtatafuta neno mzinga kwa umoja na kwa wingi. Wingi hautaitika. Fungueni faili la asili, ongezeni kidahizo cha pili, zalisheni upya, mtafute tena. Asanteni kwa kunisikiliza, karibuni kwenye mashine.